Hesabu ya Watu na Mgao wa Fedha: Bajeti za Serikali katika Nyanda za Gusii tangu 1907

Kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo ndizo nyanda za Gusii, kwa pamoja zina ukubwa wa takriban kilomita mraba 2,200, na sensa ya Agosti 2019 ilizikuta na watu 1,872,436. Kisii ina watu karibu 957 katika kila kilomita mraba na Nyamira watu karibu 675, wakati wastani wa Kenya nzima ni 82. Ni vigumu kupata mahali pengine nchini, nje ya miji mikubwa, ambapo swali la idadi ya watu na fedha za serikali limeulizwa kwa muda mrefu kama hapa. Tangu ofisi ya kwanza ya serikali ilipofunguliwa Kisii mwaka wa 1907, kila utawala umelazimika kuamua kama bajeti iongezeke kadiri watu wanavyoongezeka, na kila mmoja umeamua kivyake. Maamuzi hayo, yakifuatwa kwa mpangilio wake, yanaonyesha kwamba kuhesabu watu ni hatua ya kwanza tu ya kugawa fedha kwa haki, na kwamba fomula inayoishia hapo huwapunja watu iliokusudia kuwatendea haki.

Utawala wa Kiingereza uliingia Gusii kwa nguvu. Kulikuwa na msafara wa kijeshi mwaka wa 1905 na mwingine mwaka wa 1908, baada ya Otenyo Nyamaterere kumchoma mkuki mkuu wa wilaya, G. A. S. Northcote. Mara baada ya vita hivyo kodi ya nyumba ikawa ndiyo kiungo kikuu kati ya mwananchi na serikali. Wakati huo kiwango kilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba. Karani alipofika bomani kwa mtu alihesabu mapaa, si watu. Mwanamume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake kama ilivyokuwa desturi, alidaiwa rupia 9, na mara nyingi alizipata kwa kuuza mbuzi au ng'ombe, au kwa kijana wa nyumbani kwenda kufanya kazi ya mkataba mbali na kwao. Mwaka wa 1910 kodi ya kichwa iliongezwa ili kuwapata pia vijana wasiokuwa na nyumba zao.

Kwa hiyo katika miaka hiyo ya mwanzo mapato ya serikali yalifuata idadi ya watu kwa ukaribu ambao haujaonekana tena. Kila ndoa mpya iliongeza nyumba, na kila nyumba iliongeza rupia. Matumizi hayakufuata mkondo huo hata kidogo. Fedha zilizotoka Gusii zilikwenda katika hazina ya koloni, na sehemu kubwa ilitumika kwa reli, barabara za mashamba ya walowezi, polisi na mishahara ya maofisa. Kilichorudi ni ofisi ya mkuu wa wilaya, askari wake, machifu, na zahanati iliyoanzishwa mjini Kisii mwaka wa 1916 kuwahudumia wanajeshi waliojeruhiwa katika vita na Wajerumani. Shule ziliachiwa misheni: Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa. Kodi nayo ilipanda kwa hatua hadi rupia 8 baada ya vita, ikashushwa hadi shilingi 12 za sarafu mpya (rupia 1 ikiwa sawa na shilingi 2) mwaka wa 1922 kufuatia malalamiko yaliyotoka Nyanza na Nairobi. Idadi ya watu haikuwa na uhusiano wowote na kupanda huko. Serikali ilipungukiwa, ikaongeza.

Badiliko la kwanza la maana lilikuja na sheria ya mwaka wa 1924 iliyoanzisha mabaraza ya wenyeji. Baraza liliruhusiwa kutoza ushuru wake juu ya kodi ya serikali kuu na kuutumia katika wilaya ilikotozwa. Kwa mara ya kwanza, fedha zilizotolewa na Wagusii zilijadiliwa na Wagusii, ingawa mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa mwenyekiti na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Shule ya serikali ya Kisii, iliyofunguliwa katika miaka ya 1930, ilikuwa miongoni mwa matunda ya kipindi hicho. Jambo la kukumbukwa ni jinsi bajeti ya baraza ilivyojipanga yenyewe: walipakodi wakiongezeka, mapato yaliongezeka, na wajumbe waliweza kuomba zahanati moja zaidi au darasa moja zaidi. Mpango huu ulikuwa na kasoro moja kubwa. Wilaya maskini ilibaki na huduma maskini, kwa sababu hakuna aliyeijazia pengo. Lakini ndani ya wilaya, uhusiano kati ya watu, kodi na huduma ulionekana kwa macho.

Sensa ya kwanza ya kweli ya Waafrika nchini Kenya ilifanywa mwaka wa 1948, nayo ilihesabu Wagusii karibu 255,000. Sensa ya 1962 iliwakuta zaidi ya 500,000. Haiwezekani kwamba ongezeko lote hilo lilitokana na kuzaliwa, kwani hakuna jamii inayojizidisha mara mbili kwa miaka 14 kwa uzazi pekee, na ni wazi kwamba wengi hawakuandikwa mwaka wa 1948. Hata hivyo idadi ilikuwa ikikua kweli, na uchumi ulikua nayo. Kahawa ilikuwa imeruhusiwa kwa wakulima wa Kisii tangu miaka ya 1930, mapema kuliko sehemu nyingi za Kenya. Pareto na chai zilifuata, vyama vya ushirika vikaenea, na baraza likapata ushuru wa mazao juu ya ushuru wa vichwa. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, Baraza la Kaunti la Gusii lilirithi shule za msingi, vituo vya afya na barabara za mashambani, pamoja na kodi ya kugharimia vyote hivyo.

Urithi huo haukudumu. Mwaka wa 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha majukumu, na kuanzia 1970 elimu ya msingi, afya na barabara zilichukuliwa na serikali kuu kutoka kwa mabaraza ya kaunti, pamoja na kodi iliyozigharimia. Kodi hiyo yenyewe ilifutwa miaka michache baadaye. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito: mabaraza mengi yalikuwa yameshindwa kuwalipa walimu. Lakini matokeo kwa Gusii yalikuwa kwamba bajeti ya huduma zake sasa ilitungwa Nairobi, wizara kwa wizara, na kila wizara ilipanga kwa njia moja: kiasi cha mwaka uliopita kiliongezwa kidogo. Hospitali ilipewa fedha kwa kufuata idadi ya vitanda ilivyokuwa navyo na nafasi za kazi zilizokwisha idhinishwa. Wilaya ilipewa mkuu wa wilaya mmoja, hospitali ya wilaya moja na ofisi ya elimu moja, iwe na watu wangapi.

Hapa ndipo dhuluma ya kipindi hicho ilipojificha. Sensa ya 1979 ilihesabu watu 869,512 katika Wilaya ya Kisii. Wilaya ya Lamu haikufika watu 50,000. Zote mbili zilikuwa wilaya, na kila moja ilikuwa na haki ya vitu vilevile vya kiwilaya. Hakuna aliyekusudia kuwanyima Wagusii, wala Lamu haikupewa ziada ya anasa, kwani wilaya yenye visiwa na misitu ina gharama zake. Lakini mpango uliohesabu ofisi badala ya watu ulifanya mgonjwa wa Bobasi, Gusii, apange foleni ndefu mara nyingi zaidi kuliko mgonjwa wa mahali pengine. Ndiyo maana kugawanywa kwa wilaya, jambo ambalo wachunguzi wengi wameliona kama siasa tupu, kulipokewa Gusii kwa shangwe. Nyamira ilipopewa wilaya yake mwishoni mwa miaka ya 1980, na Gucha mwaka wa 1996, kila mgawanyo ulileta hospitali ya wilaya, ofisi na magari. Ilikuwa njia ya mzunguko ya kuifanya bajeti iwafuate watu.

Mtu aliyeuona upungufu huu kwa ndani alikuwa Simeon Nyachae wa Nyaribari, mwana wa Chifu Mkuu Musa Nyandusi. Akiwa katibu mkuu katika Ofisi ya Rais, Nyachae alikuwa mhimili wa sera ya kuifanya wilaya kitovu cha maendeleo ya mashambani, iliyoanza Julai 1983. Sera hiyo iliunda kamati za maendeleo za wilaya na kuzipa kazi ya kupendekeza miradi kutoka chini. Kupendekeza kulifanyika. Fedha, hata hivyo, ziliendelea kutoka wizarani kwa mtindo uleule, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hazina ilikuwa ikipunguza matumizi kwa masharti ya wakopeshaji wa nje.

Pengo lilizibwa na wazazi. Kenya ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na kiwango cha uzazi cha watoto 8.1 kwa kila mwanamke, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani, na Gusii ilikuwa katika kundi la mbele, kama Robert LeVine na Sarah LeVine walivyoeleza katika utafiti wao wa miaka mingi juu ya malezi ya Kigusii. Watoto walikuwa wengi, madarasa ya serikali yalikuwa machache, na mashamba yalikuwa yakigawanywa hadi kipande cha baba kisiweze kuwalisha wana wanne. Elimu ikawa ndiyo ardhi mpya. Harambee za shule zilifanyika karibu kila lokesheni, na shule za upili za harambee zikachipuka kila mlima na bonde. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, uliongeza haja ya karakana na madarasa, na gharama za ujenzi ziliangukia wazazi. Mwishoni mwa 1989 wagonjwa nao walianza kulipia huduma katika hospitali za serikali chini ya mpango wa kuchangia gharama. Katika miaka hiyo idadi ya watu ilikua, mahitaji yalikua, na bajeti ya serikali kwa kila mtu ilisinyaa. Tofauti ililipwa kwa ng'ombe, chai na mishahara ya jamaa waliokuwa mjini.

Jambo ambalo sensa zilionyesha wakati huohuo, lakini likaangaliwa kwa nadra, ni kwamba Gusii ilikuwa ikipungua. Haikupungua kwa idadi, bali kwa uwiano wake na nchi nzima. Mwaka wa 1969 Wilaya ya Kisii ilikuwa na watu 675,041 kati ya milioni 10.9 wa Kenya, yaani asilimia 6.2. Mwaka wa 1979 ilikuwa asilimia 5.7. Mwaka wa 1989, kwa watu 1,137,054, ilikuwa asilimia 5.3. Wilaya tatu za Gusii mwaka wa 1999 zilikuwa na watu 1,450,827, asilimia 5.1. Mwaka wa 2009 kaunti mbili zilifikisha asilimia 4.5, na mwaka wa 2019 asilimia 3.9. Jamii iliyosifika kwa uzazi ilikuwa ikishuka katika kila sensa kwa miaka 50.

Sababu ya kwanza ni kuhama. Ardhi ilipobana, vijana walikwenda Trans Mara iliyo jirani kukodi mashamba, Nakuru na Nairobi kufanya kazi na biashara, na tangu miaka ya 1990 wengi wamekwenda Marekani, hasa jimbo la Minnesota. Ndani ya Gusii yenyewe, Borabu, iliyokuwa mashamba ya walowezi mpakani na Sotik kabla ya kugawiwa wakulima wa Kigusii wakati wa uhuru, ilipunguza msongamano kwa muda. Sababu ya pili ni kupungua kwa uzazi. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi wa majira mwaka wa 1967, mapema kuliko nchi karibu zote za Afrika kusini mwa Sahara, na baada ya miaka 20 ya kusuasua mpango huo ulianza kushika. Kiwango cha kitaifa kilikuwa kimefika watoto 3.4 mwaka wa 2022. Nyamira ndiyo inayoonyesha badiliko hili kwa uwazi zaidi: kati ya 2009 na 2019 iliongezeka kutoka watu 598,252 hadi 605,576, ongezeko la watu 7,324 tu kwa miaka 10, wakati Kenya yote iliongezeka kwa asilimia 23.

Ilikuwa katika kipindi hiki cha kushuka ndipo serikali ilipoanza kugawa fedha kwa kuhesabu watu. Hatua ya kwanza ilikuwa Hazina ya Uhamisho kwa Serikali za Mitaa, iliyotungiwa sheria mwaka wa 1998 wakati Nyachae akiwa Waziri wa Fedha. Asilimia 5 ya kodi ya mapato ilitengwa kwa mabaraza, na kigezo kizito kuliko vyote katika kuigawa kilikuwa idadi ya watu. Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ya mwaka wa 2003 ilichukua njia tofauti: robo tatu ya fedha ziligawanywa sawasawa kwa kila eneo bunge na robo iliyobaki kwa kufuata umaskini. Kwa Gusii, iliyokuwa na maeneo bunge 10 yenye watu wengi, mgawanyo sawa ulikuwa hasara ya wazi, kwani eneo bunge la watu wachache lilipata karibu kiasi kilekile.

Mwaka huohuo wa 2003 ulileta jaribio safi zaidi la bajeti inayofuata vichwa, nalo ni elimu ya msingi bila malipo. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 600 ilipokea shilingi 612,000 katika akaunti mbili. Ya kwanza, iliyojulikana kama akaunti ya SIMBA, ilipata shilingi 650 kwa kila mtoto, jumla 390,000, kwa vitabu, madaftari, kalamu na chaki. Ya pili ilipata shilingi 370 kwa kila mtoto, jumla 222,000, kwa ukarabati, mlinzi, maji, stima na mitihani. Wanafunzi 50 wakiongezeka Januari, mgao uliongezeka kwa 51,000. Hakuna mpango uliowahi kuunganisha watu na fedha kwa uwazi namna hiyo, na mwalimu mkuu yeyote aliweza kuipiga hesabu kwa kalamu na karatasi.

Lakini mpango huo pia ulifichua udhaifu wa kufuata vichwa peke yake. Idadi ya watoto ilihesabiwa kila mwaka, bei za bidhaa hazikuhesabiwa. Kiasi cha 1,020 kilikaa palepale kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kupandishwa hadi 1,420, na katika muda huo bei nchini zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Mtoto wa mwaka wa 2014 alikuwa amehesabiwa kwa usahihi kabisa, na alikuwa akipata chini ya nusu ya madaftari aliyopata kaka yake mwaka wa 2003. Zaidi ya hayo, mgao kwa kichwa haujengi darasa. Watoto 90 waliokaa katika chumba cha watoto 45 walileta fedha za madaftari 90, lakini chumba kilibaki kimoja.

Katiba ya 2010 ilihamishia swali hili katika kiwango cha juu kabisa. Kifungu cha 203 kinaagiza kaunti zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na kifungu cha 217 kinaipa Seneti kazi ya kuamua fomula ya kuyagawa. Tume ya Ugavi wa Mapato ndiyo inayopendekeza. Fomula ya kwanza iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, mgao sawa asilimia 25, umaskini asilimia 20, ukubwa wa ardhi asilimia 8 na uwajibikaji wa kifedha asilimia 2. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti zote 47 ziligawana shilingi bilioni 190. Kisii ilipata takriban bilioni 5.2 na Nyamira bilioni 3.

Kaunti hizi mbili zilikuwa wilaya moja chini ya miaka 30 kabla ya hapo, zinalima mazao yaleyale na zinazungumza lugha moja. Hata hivyo Kisii ilipata takriban shilingi 4,500 kwa kila mkazi na Nyamira takriban 5,080. Tofauti hiyo inatoka hasa katika mgao sawa. Robo ya bilioni 190, ikigawanywa kwa kaunti 47, ni kama shilingi bilioni 1 kwa kila kaunti. Bilioni hiyo moja, ikigawanywa kwa watu wa Nyamira, ni karibu shilingi 1,690 kwa kila mtu, na kwa watu wa Kisii ni karibu 880. Gavana ni mmoja, bunge la kaunti ni moja, makao makuu ni moja, iwe kaunti ina watu laki 6 au milioni 1.2, na gharama hizo za kuanzia haziongezeki kwa kasi ya watu. Kwa hoja hiyo mgao sawa una msingi. Wingi wa watu hupunguza gharama ya utawala kwa kila mmoja wao, na bajeti haina sababu ya kukua kwa uwiano uleule pale inapogharimia ofisi. Inapogharimia chanjo, dawa na walimu wa chekechea, sababu ipo.

Mwaka wa fedha wa 2021/22 kaunti zote ziligawana bilioni 370. Mgao wa Kisii ulikuwa takriban bilioni 8.9 na wa Nyamira bilioni 5.1, yaani takriban shilingi 7,020 na 8,480 kwa kila mtu kwa hesabu ya sensa ya 2019. Kwa juu juu hili ni ongezeko kubwa: Kisii ilikuwa imepanda kwa asilimia 56 kwa kila mtu katika miaka 8. Lakini bei katika miaka hiyo zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 6 kwa mwaka, na asilimia 6 ikijilimbikiza kwa miaka 8 inakaribia asilimia 60. Uwezo halisi wa mgao kwa mkazi mmoja wa Kisii haukusogea, na huenda ulirudi nyuma, kwa sababu ruzuku ambazo awali zilitolewa kando, zikiwemo za hospitali za ngazi ya tano (hospitali kubwa za rufaa za kaunti) na za ushuru wa matengenezo ya barabara, zilikuwa zimeingizwa ndani ya bilioni 370 mwaka huohuo. Kuna miaka ambayo hata ongezeko la juu juu halikuwepo: mwaka wa 2019/20 na wa 2020/21 kaunti ziligawana kiasi kilekile, bilioni 316.5, ingawa nchi ilikuwa na watu zaidi na bei za juu zaidi.

Kuondolewa kwa ruzuku ya hospitali za ngazi ya tano kuliigusa Gusii mahali penye maumivu. Zahanati ya mwaka wa 1916 ndiyo leo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Wagonjwa wake wanatoka Kisii na Nyamira, lakini pia Migori, Homa Bay, Trans Mara katika Kaunti ya Narok, na wengine ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Hakuna hata mmoja wa wagonjwa hao wa nje anayehesabiwa katika mgao wa Kisii. Mgusii aliyehamia Kilgoris anahesabiwa Narok usiku wa sensa, na anapougua sana analetwa Kisii. Ruzuku ya kando ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya hali hii hasa. Fomula inayofuata mahali mtu anapolala usiku mmoja katika miaka 10 haiwezi kujua anatibiwa wapi, na kaunti inayopakana na nyingine nyingi inabeba mzigo wa jirani zake bila fidia.

Mwaka wa 2020 Seneti ilikwama kwa miezi kuhusu fomula ya tatu. Wanasiasa wa sehemu zenye watu wengi walipiga kampeni kwa kauli ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Maseneta wa kaskazini na pwani walijibu kwamba sehemu zao zilisahauliwa kwa miaka 50 na haziwezi kupokonywa kile kidogo zilichoanza kupata. Suluhu ilipatikana Septemba baada ya kuahidiwa nyongeza ya bilioni 53.5, ili kaunti yoyote isipate chini ya ilichokuwa ikipata. Fomula yenyewe ilipunguza uzito wa idadi ya watu hadi asilimia 18 na kuleta vigezo vya afya, kilimo, miji na barabara. Uingereza imepitia mvutano unaofanana na huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa fomula ya Barnett, ambayo hugawa nyongeza za bajeti kwa Scotland, Wales na Ireland Kaskazini kwa kufuata idadi ya watu lakini huacha kiasi cha awali bila kuguswa. Fomula ya nne ya Kenya, ya mwaka wa 2025, iliurejesha uzito wa idadi ya watu kwenye asilimia 45.

Kwa Gusii kurejea huko kuna pande mbili. Kwa msongamano wake inaonekana kama sehemu ya kunufaika. Kwa mwenendo wake wa miaka 50, kila sensa ijayo itapunguza sehemu yake ya keki, na gharama zake hazitapungua kwa kasi hiyo. Zahanati iliyojengwa Nyamira haiwezi kufungwa kwa sababu Nairobi imekua haraka zaidi. Mishahara ya wauguzi hupanda kwa makubaliano ya kitaifa, na kaunti zote mbili zimetajwa mara kwa mara na Msimamizi wa Bajeti kwa kuvuka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kinachoruhusiwa kwa mishahara. Sehemu ya kosa hilo ni ya kaunti zenyewe, zilizoajiri bila kupima. Katika muongo wa kwanza wa ugatuzi mapato yao ya ndani hayakufikia hata sehemu moja ya kumi ya bajeti zao, na hilo pia ni lao kulirekebisha.

Umri wa watu nao unabadilika. Vijana wanaohama wanaacha nyuma wazazi wao, na mzee mmoja ana gharama tofauti na mtoto mmoja: dawa za shinikizo la damu na kisukari, wala si chanjo na madaftari. Serikali kuu ililitambua hili mwaka wa 2018 kwa kuanza kuwalipa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Fomula za kaunti hazijafika huko. Zinamhesabu mtoto wa Bonchari na bibi yake wa miaka 80 kama vichwa viwili vilivyo sawa.

Bajeti za Kisii na Nyamira zinapaswa kukua na watu, kwa hoja ambayo Baraza la Wenyeji liliielewa tangu miaka ya 1920: watu ndio wanaougua, ndio wanaosoma, ndio wanaolipa kodi. Lakini idadi inapaswa kuandamana na bei, na umri, na mahali huduma zinapotolewa. Ruzuku ya hospitali ya rufaa ya Kisii irudishwe kando na mgao wa kawaida, ihesabiwe kwa wagonjwa wanaotibiwa hapo bila kujali wametoka kaunti gani, na Seneti inapoketi kupitia fomula ijayo iweke humo kigezo cha umri, ambacho sensa ya 2019 tayari imekipimia kila kaunti nchini.